Unguja hadi Dar, Ijumaa mpaka Jumapili: tiketi ya kurudi ndiyo ya mwanzo

Wasafiri ni wanne: mume na mke wa Mwanakwerekwe, Unguja, bi mkubwa, mzee mwenye goti bovu na tumbo lisilostahamili bahari, na shangazi anayetoka Chake Chake, Pemba. Wanakwenda harusini Magomeni, Dar es Salaam. Nikahi ni Jumamosi alasiri, karamu usiku wake, na Jumatatu asubuhi mume anatakiwa kazini Unguja. Mwezi ni Julai, upepo wa kusi, unaotoka kusini, umekaza. Kila tiketi ya safari hii imekatwa kwa sababu, na sababu hizo zinaandikwa hapa siku kwa siku, zimfae mwengine atakayevuka mwisho wa wiki kama huu.

Jumatatu

Wengi wakikaa kupanga huanza na swali la kwenda: tuondoke saa ngapi? Hapa mpango umeanzia kurudi. Ukikosa boti ya Ijumaa, utaondoka Jumamosi asubuhi, umepoteza usiku mmoja tu. Ukikosa boti ya mwisho ya Jumapili, umekosa kazi ya Jumatatu, umelala mjini usiku ambao hukuupangia, na tiketi ya asubuhi unaitafuta pamoja na wenzako wote waliokosa.

Boti za mwendo wa kasi baina ya Malindi, bandari ya Unguja, na Dar kwa kawaida ni nne kwa siku kutoka kila upande: saa moja asubuhi, saa tatu na nusu, saa sita na nusu mchana, na ya mwisho karibu na saa kumi alasiri. Hii ya mwisho husogezwa robo saa mbele au nyuma, kwa hiyo saa ya kuamini ni ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Baharini ni kama saa mbili.

Jumapili kila mtu anaitaka ile ya saa kumi, maana inampa mchana mzima mjini. Ndiyo inayojaa mwanzo, na ndiyo isiyo na nyengine nyuma yake. Wasafiri hawa wamechagua ya saa sita na nusu. Gari ikikwama njiani, bi mkubwa akichelewa kuamka, au mzigo ukazua maneno getini, boti moja bado iko mbele yao. Kwa hiyo mchana wa Jumapili mjini wameuacha kwa makusudi, na kwa safari yenye mzee na kazi ya Jumatatu hilo ndilo chaguo sahihi.

Kurudi kulipokwisha kupangwa, ikaja Ijumaa. Boti ya saa sita na nusu imetolewa mapema kwa sababu inagongana na swala ya Ijumaa. Zikabaki ya saa tatu na nusu na ya saa kumi, na hapo upepo ndio ulioamua. Dar iko kusini ya mji wa Unguja, kiasi cha kilomita 70 na kidogo. Wakati wa kusi, boti inayokwenda Dar inakwenda uso kwa uso na upepo na mawimbi, na inayorudi Unguja inasukumwa kutoka nyuma. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, mambo yanageuka: kwenda kunakuwa kwepesi, kurudi ndiko kunakopiga. Tena upepo huamka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo bahari ya asubuhi mara nyingi ni tulivu kuliko ya alasiri.

Mume hawezi kutoka kazini kabla ya saa nane mchana. Badala ya kumtia bi mkubwa katika bahari ya alasiri ili familia ivuke pamoja, tiketi zimegawanywa: wanawake saa tatu na nusu, mume saa kumi. Kuna waliopendekeza wote waende Jumamosi kwa boti ya saa moja asubuhi, wakati bahari imelala. Lingekuwa shauri zuri kama safari ingekuwa ya matembezi. Nikahi ya alasiri haina nafasi ya boti kuahirishwa.

Ndege nayo ilipimwa. Hewani ni kama dakika 20 kutoka Uwanja wa Abeid Amani Karume mpaka Uwanja wa Julius Nyerere, lakini hesabu ya safari ni mlango kwa mlango. Kuna kwenda uwanjani Unguja, kuwahi kabla ya ndege kuondoka, kusubiri mizigo, kisha kama kilomita 12 za barabara ya Nyerere mpaka katikati ya mji, barabara ambayo jioni magari hujipanga. Ukijumlisha yote unaikaribia boti, na boti inakushusha Posta, katikati ya mji, penye usafiri wa kila upande. Ndege inashinda pale bahari inapokuwa mbaya, msafiri anapokuwa mgonjwa asiyeweza kutikiswa, au safari inapoendelea kwa ndege nyengine hapo hapo Dar. Kwa harusi ya Magomeni, boti.

Jumanne

Siku ya mpango wa shangazi. Wa Pemba ndio wenye kazi kubwa zaidi ya kupanga, na ndio wanaopewa maelekezo machache zaidi.

Boti baina ya Mkoani, bandari ya Pemba, na Malindi haziendi mara nne kwa siku kama za Dar. Zina siku zake, na siku hizo hubadilika. Kwa hiyo swali la mwanzo kwa mtu wa Pemba ni siku, saa itafuata. Aulize ofisi ya boti Chake au bandarini Mkoani, aulizie siku ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, asikate upande mmoja mpaka ajue mwengine upo.

Shangazi amepata boti ya Alhamisi. Kutoka Chake mpaka Mkoani ni kama kilomita 30, daladala namba 603. Daladala haiondoki mpaka ijae na inasimama kila kituo, basi atoke Chake saa tatu nzima kabla ya boti. Akifika Unguja atalala Mwanakwerekwe, na Ijumaa atavuka na wenzake. Usiku huo wa katikati umewekwa kwa kusudi. Tiketi mbili zilizokatwa mbali mbali hazijuani: ya Pemba ikichelewa, ya Dar haimsubiri, na fedha yake huenda ikapotea. Anayeunganisha boti mbili kwa siku moja aache angalau boti moja nzima ya Dar ipite kati yake.

Kurudi, siku za boti hazikumkubali. Amekata ndege ndogo ya Jumatatu asubuhi, Unguja mpaka Pemba, kiasi cha nusu saa. Hapa pana mtego kwa wanaokata kwa mtandao: ukiandika "Pemba" katika kurasa za kutafuta ndege, unaweza kuletewa Pemba ya Msumbiji. Kiwanja cha kisiwani kina alama ya PMA, cha Msumbiji POL. Unguja ni ZNZ, Dar ni DAR. Soma herufi hizo tatu kabla ya kulipa.

Jumatano

Siku ya kukata. Julai katikati, Maonesho ya Sabasaba yamekwisha, siku mbili kabla zinatosha. Ingekuwa Idi, Mapinduzi, Pasaka, au mwisho wa wiki ambao Simba na Yanga wanakutana Uwanja wa Mkapa, siku mbili zisingetosha. Hapo hukatwa wiki mbili mbele, na wa kurudi ndio upande unaokatwa kwanza.

Tiketi zimekatwa ofisini, bandarini Malindi, ingawa simu ingefaa. Sababu ni bi mkubwa: jina lake kwenye kitambulisho ni Mwanakhamis, na nyumbani wote wanaliandika Mwanahamisi. Herufi mbili zinatosha kumzuia mtu getini. Karani ameomba kitambulisho chenyewe.

"Shikamoo bi mkubwa. Hili jina nikuandikie lipi?"

"Marahaba mwanangu. Andika hilo la kwenye kadi, hayo mengine ya kuitana tu."

Hivyo ndivyo. Jina la kuandikwa ni la kitambulisho, majina matatu kwa mpangilio ule ule, kiwe kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cha Taifa (NIDA) au pasi. Wapo wanaoona hili ni usumbufu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba na watu wengi kuliko iliyoruhusiwa, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar kuja Unguja. Misiba ile ilizitia majonzi nyumba za visiwa vyote viwili, na familia zikahangaika kujua nani alikuwemo na nani hakuwemo. Jina lililoandikwa sawasawa katika orodha ya abiria ni haki ya msafiri na ya wanaomsubiri nyumbani. Usisafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwengine hata ukipewa bure.

Kabla ya kuondoka dirishani, tiketi isomwe mstari kwa mstari, hapo hapo karani akiwa mbele yako:

Upande. Anayekata kwa simu aangalie zaidi, maana ni rahisi kukata Dar–Unguja badala ya Unguja–Dar, na utaligundua getini.

Tarehe. Siku huja mwanzo, mwezi baadaye.

Saa. Tiketi imeandikwa kwa saa ya kizungu. 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Mtu akiisoma kama ilivyo, "saa tisa na nusu", atafika bandarini alasiri, boti yake imeshakwenda na kurudi. 12:30 ni saa sita na nusu mchana, na 16:00 ni saa kumi. Chukua kalamu, andika saa ya Kiswahili pembeni kwa herufi kubwa. Shangazi ameandikiwa mbili: ya boti na ya ndege.

Daraja. Mke alitaka kumkatia bi mkubwa daraja la juu kwa heshima. Karani akamshauri vyengine, na ushauri ni wa kweli: daraja la juu kwa kawaida liko ghorofani, kuna ngazi, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyoyumba zaidi. Chumba kimefungwa, ubaridi ni mwingi. Kwa mwenye goti na tumbo la bi mkubwa, daraja la kawaida, chini, katikati ya boti au nyuma kidogo, ndipo panapotikisika kidogo. Fedha iliyobaki imetiwa kwenye nauli ya gari ya Dar.

Raia na wakaazi wana bei yao, wageni wana bei nyengine, kwa hiyo ukimkatia mgeni wako usikadirie kwa tiketi yako. Mtoto ana nauli yake. Taja umri wake kabla tiketi haijachapwa. Mapapasi, madalali wa nje ya lango, watakuambia dirisha limefungwa, njoo kwangu. Nenda dirishani ukaone mwenyewe.

Alhamisi

Shangazi amefika jioni kwa salama.

Usiku huu ni wa kuangalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Yanayotakiwa kusikilizwa ni upepo na urefu wa mawimbi. Ikitajwa upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti huweza kwenda lakini mwenye tumbo dhaifu ataumia. Ikizidi hapo, jitayarishe kuahirishiwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, boti baina ya Dar na Unguja zilisimamishwa. Safari ikisimamishwa usikimbilie kununua nyengine mtaani. Piga simu ofisini kwanza uulize tiketi yako inahamishiwa boti ipi. Kesho inatarajiwa mita 1 na kitu. Watavuka.

Mizigo: begi moja kwa kila mtu, na mkoba wa mkononi wenye kitambulisho, dawa, chaja, fedha taslimu na nguo ya harusi. Begi kubwa litachukuliwa na kuwekwa pamoja na mengine, na kushuka kwake kunachelewa. Nguo ya harusi isiwe humo. Halua imo kwenye vikapu vyake, vimefungwa kwa kamba. Mifuko ya plastiki isibebwe: Zanzibar ilipiga marufuku tangu 2006 na Bara tangu Juni 2019. Viungo vya kupikia vya zawadi havina neno. Karafuu za kilo kwa kilo ni jambo jengine, kwa sababu ununuzi wake uko kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzivusha kimya kimya ni magendo. Shangazi wa Pemba ameambiwa hivyo tangu mwanzo, asije akataka kumfurahisha bibi harusi akamtia mashakani.

Ijumaa

Saa moja na nusu asubuhi wanatoka Mwanakwerekwe. Boti ni saa tatu na nusu, na anayetaka utulivu huwa getini saa moja kabla. Geti halifungwi boti inapoondoka, linafungwa kabla.

Saa mbili wako Malindi. Hamali anataka kubeba mabegi. Bei inatajwa kabla begi halijanyanyuliwa, na isemwe ni kwa begi au kwa mzigo wote, na ni mpaka wapi: mlangoni, au mpaka kwenye mashine ya ukaguzi. Ugomvi wote wa bandarini unatoka katika maneno haya matatu yasiyosemwa. Kisha kitambulisho na tiketi pamoja mkononi, mashine, dawati la uhamiaji, ukumbi.

Saa mbili na nusu bi mkubwa amepewa kidonge cha kuzuia kichefuchefu na kipande cha mkate mkavu. Kidonge kinataka kutangulia kama saa moja. Ukimeza baada ya boti kuanza kutikisika kitatoka na vyengine vyote. Kinaleta usingizi, na usingizi ndiyo nusu ya dawa. Tumbo tupu linasumbuka, tumbo lililojaa supu linasumbuka zaidi. Mkate, andazi moja, chai ya tangawizi isiyo na maziwa, basi.

Ukumbi ukifunguliwa watu husimama wote pamoja. Mwenye mzee asimame mapema kidogo, aombe kupitishwa mbele. Wahudumu humpisha mzee akionekana. Ndani, bi mkubwa kaketishwa chini, safu za katikati, pembeni ya njia ya kwendea msalani. Kanga mabegani kwa ajili ya kiyoyozi. Mfuko wa kutapikia umewekwa mfukoni mwa kiti cha mbele kabla haujahitajika.

Dakika za mwanzo bahari ni ya birika: kisiwa chenyewe kinakinga. Upande wa kushoto unapita Chumbe na mnara wake wa taa wa 1904. Ukishaupita mnara, kisiwa hakikukingi tena, na mawimbi makubwa ya kusini mashariki yanaingia kwenye mkondo. Hapa ndipo boti inapopiga. Anayeona kizunguzungu asitazame simu wala televisheni. Atazame mstari wa mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na akiweza atoke nyuma penye hewa. Bi mkubwa amefumba macho, kichwa kimeegemea kiti. Amelala kabla ya Chumbe kupotea.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vikionekana upande wa kulia, Dar imefika, na bahari inatulia. Boti inapunguza mwendo, inaingia mlango mwembamba wa bandari, Kigamboni kushoto, soko la samaki la Feri kulia, na vivuko vya Kigamboni vinakatiza mbele.

Saa tano na nusu wameshuka. Hakuna haraka. Wanaokimbilia mabegi hukutana nayo bado hayajashushwa. Nje ya lango wanakuja madereva watano kwa pamoja. Shangazi anajibu "tunapokewa, ahsante" na kuendelea kutembea. Gari ya kuitwa kwa programu ya simu haiingii langoni, basi vuka barabara ya Sokoine mpaka upande wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, uitie hapo, usome namba ya gari kabla ya kufungua mlango. Nauli yake ndiyo ile fedha iliyobaki kwa kuacha daraja la juu. Foleni ya mchana si kubwa, Magomeni wamefika kabla ya adhana.

Mume anafika saa kumi na mbili jioni kwa boti ya pili. Bahari imempiga kweli kweli, na sasa barabara ya Morogoro imesimama. Yeye ana begi la mgongoni na miguu mizima, kwa hiyo gari si chaguo lake. Anatembea dakika chache mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Posta ya Zamani. Mradi huu ulianza kazi 2016, njia yake ya mwanzo ni Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Basi lina njia yake peke yake, na hiyo ndiyo faida pekee saa hizi: magari yamesimama, basi linakwenda. Hasara ni msongamano. Basi likija limejaa kutoka Kivukoni, rudi nyuma kituo kimoja ukapandie pale linapoanzia. Ni matembezi mafupi, na utapata pa kushika. Simu na pochi mfuko wa mbele. Soma kibao cha mbele ya basi: la Kimara linapita Magomeni Mapipa, la Morocco linakata kona Magomeni.

Mwendokasi una siku zake za kukwama, na mwenyeji wa mjini aulizwe asubuhi ya siku hiyo. Sababu ya kudumu ni Jangwani. Kabla ya kufika Magomeni barabara inashuka kwenye bonde la mto Msimbazi, na masika mto ukijaa maji hupanda barabarani na njia ikafungwa. Aliyekata tiketi ya Aprili au Mei aijue njia ya pili: Posta, barabara ya Ali Hassan Mwinyi kupitia daraja la Salenda mpaka Morocco, kisha barabara ya Kawawa kupitia Kinondoni mpaka Magomeni. Ni ndefu na imejaa, lakini ni kavu. Julai hii Jangwani pakavu.

Jumamosi

Asubuhi ya Kariakoo, na iwe Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi hufungwa. Kutoka Magomeni ni mwendokasi unaoandikwa Gerezani, si Kivukoni. Unapita Fire na Msimbazi, unaishia pembeni mwa soko. Saa mbili mpaka saa nne ndio wakati mzuri. Baada ya hapo mtaa wa Kongo unakuwa bega kwa bega.

Mke amenunua jungu la umeme, jipya, ndani ya boksi. Dai risiti ya mashine na uitie ndani ya boksi, si kwenye pochi. Watu wa forodha wa Malindi huuliza kitu kipya kilichomo ndani ya boksi, na mwenye risiti huzungumza dakika mbili. Mizigo ya kutosha duka ni habari nyengine. Hiyo ipelekwe kwenye ofisi ya mizigo, isipakiwe kama begi la abiria.

Saa saba wamerudi. Nikahi saa kumi. Hakuna la usafiri mpaka usiku wa manane, na gari ya usiku imeitwa kutoka ndani ya ukumbi, si barabarani.

Jumapili

Boti saa sita na nusu, kuondoka Magomeni saa nne. Jumapili barabara ni nyeupe, gari inafika Posta kwa dakika 20, na ungeweza kusema saa tano ingetosha. Isingetosha. Kwanza, asubuhi ya Jumapili mbele ya bandari kuna waumini wa makanisa mawili, Mtakatifu Yosefu na Azania Front, na magari yameegeshwa pande zote. Dereva atakushusha mbali kidogo na mwenye goti bovu atatembea. Pili, mzigo wa kurudi siku zote umezidi wa kwenda, na kupima, kulipia na kubandika karatasi kunakula nusu saa.

Hesabu ya mizigo imefanywa kwa sauti: mabegi manne, boksi moja, kikapu kimoja, jumla sita. Kila mmoja anaijua namba sita. Karatasi za mzigo ziko kwa mtu mmoja.

Getini wapo waliokuja kutafuta tiketi ya saa kumi. Imejaa. Wanaulizwa kama watapenda ya asubuhi.

Bahari ya kurudi ni nyengine kabisa. Upepo ule ule wa Ijumaa sasa uko nyuma, boti inabebwa, inayumba pole pole badala ya kupiga. Bi mkubwa amepewa nusu ya tahadhari: mkate, hakuna kidonge, kiti kile kile cha katikati. Mnara wa Chumbe safari hii uko kulia.

Saa nane na nusu Malindi. Sita zimehesabiwa. Boksi limeulizwa, risiti imeonekana, wamepita. Saa tisa na robo wako Mwanakwerekwe, na ile boti ya saa kumi haijaondoka Dar.

Jumatatu

Mume kazini. Shangazi uwanjani saa moja na nusu kabla ya ndege, na mizani inasoma kilo 21. Ndege ndogo hizi kwa kawaida zinaruhusu kilo 15, begi na mkoba pamoja, kwa sababu uzito wa kila abiria na kila mzigo unaingia katika hesabu ya kuruka. Karani hawezi kukuachia hata akitaka. Hili lilikuwa limeshaangaliwa usiku kwa mizani ya jikoni. Kilo sita za vitenge vya Kariakoo zimetolewa pale pale kwenye mfuko wa kitambaa uliokuwa juu ya begi, na mke amerudi nao mjini. Zitafuata na boti ya Mkoani, karatasi ya mzigo ikiwa na jina la shangazi kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.